Eti Mtoto Akifika Miaka Saba ni wa Baba? Nani Kakwambia?



Najua mmezoea nikiandika hapa nakuja na tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura au bei ya mafuta. Leo nakuja na jambo ambalo halipigiwi makofi kwenye mkutano wa hadhara: wazazi wakiachana, mtoto anakaa na nani, na mahakama inaamuaje. Kabla hujasema hizo ni habari za kina mama, hesabu kichwani vijana wa tawi lako waliozaa na sasa hawaishi na mzazi mwenzao. Mimi nimehesabu wa tawi langu huku Temeke. Vidole vya mikono miwili havikutosha.

Huu ni mwaka wa tatu najitolea kama msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu. Kazi yangu ni kusikiliza watu, kuandika barua, kumsindikiza mtu mahakamani na kumfafanulia alichosema hakimu akishatoka nje. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Kina mama wanaliuliza kwa hofu, kina baba wanaliuliza kwa matumaini. Wote wamedanganywa.

SHERIA INASEMA NINI HASA

Tuanze na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Mahakama inaweza kumweka mtoto kwa baba au kwa mama. Pakiwa na sababu za kipekee inaweza hata kumweka kwa ndugu au mtu mwingine anayefaa. Kinachotangulia vyote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo hakimu anaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii wanayotoka wazazi.

Hiyo miaka saba imo kweli, lakini haisemi mnachosema vijiweni. Sheria inasema ipo dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na hata hapo hakimu anatakiwa aangalie ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi. Hakuna kifungu kinachosema siku mtoto anapotimiza miaka saba baba aje na begi kumchukua. Kinachotokea ni kwamba ile dhana inakoma, na wazazi wote wawili wanasimama mbele ya hakimu kila mmoja na hoja zake.

Sasa hii habari ya "ni wa baba" imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ambazo serikali iliziandika kwenye Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963. Huko mtoto anahesabiwa wa ukoo wa baba na mahari inaingia kwenye hesabu. Wengine wanasema imetoka kwenye dini. Lakini fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu na Zanzibar, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, takriban miaka saba, inampa nafasi ya kuchagua akae na nani. Kwa hiyo hata huko, miaka saba ni umri wa mtoto kusikilizwa.

Halafu ikaja Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka 2009. Hii inamhusu kila mtoto aliye chini ya miaka 18 Tanzania Bara, awe wa ndoa au si wa ndoa. (Zanzibar wana sheria yao ya watoto, namba 6 ya mwaka 2011, na wana Mahakama za Kadhi kwa masuala ya familia za Kiislamu.) Kifungu cha 39 cha sheria ya Bara kinamtaka hakimu aangalie maslahi bora ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Kisha aangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni ya mtoto kama ameyatoa kwa uhuru, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Kifungu cha 26 kinaongeza kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa upande wa pili mradi masomo yasivurugike.

Mmeona maneno yanavyopangwa? Haki ni ya mtoto. Ukisoma vifungu hivyo vyote, hupati mahali palipoandikwa mtoto apewe mzazi mwenye nyumba ya vigae, au mzazi ambaye hakuchepuka. Nimewasikia watu wakimwaga mbele ya hakimu ushahidi wa meseji za mapenzi nusu saa nzima, kisha hakimu anauliza: mtoto anasoma shule gani, anaamka saa ngapi, akiumwa anapelekwa na nani? Kimya. Mtu alikuja kumkomoa mwenzake, akakuta anaulizwa habari za mtoto.

Na hela je? Kuna mama atakwambia, "Nitamwachia tu, mimi nauza vitumbua, yeye ana ajira." Dada yangu, subiri kwanza. Sheria ya Ndoa inamtwika baba wajibu wa kumtunza mtoto hata kama mtoto yupo chini ya malezi ya mtu mwingine. Sheria ya Mtoto nayo inamtaka hakimu akipanga matunzo aangalie kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kama baba anatakiwa atoe matunzo popote mtoto alipo, basi umaskini wa mama peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyang'anya mtoto. Hela itamfuata mtoto. Hivyo ndivyo sheria ilivyokusudiwa.

TATIZO LIPO WAPI BASI

Kuna mtu atasema: kama sheria ni nzuri hivi, wewe unalalamika nini? Nalalamikia muda. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye siasa.

Kuna dada mmoja nilimsindikiza. Mtoto wao alikuwa na miaka minne. Wakati wa likizo baba yake akamchukua "kwenda kumsalimia bibi" mkoani, na hakurudi. Mama akaenda serikali ya mtaa akapewa barua, akaenda ustawi wa jamii, baba akaitwa mara mbili hakutokea, shauri likafunguliwa. Tarehe ya kwanza mdaiwa hakupata wito. Ya pili hakimu alikuwa na udhuru. Ya tatu afisa ustawi alikuwa hajakamilisha ripoti. Ya nne wakili wa upande wa pili aliomba muda. Kila tarehe mama anapoteza siku ya biashara na nauli. Ilipofika siku ya kusikilizwa kweli, karibu mwaka na nusu ulishapita. Mtoto ameshaanza chekechea huko, ana marafiki, anamwita bibi yake mama. Na hoja ya kwanza ya wakili wa baba ilikuwa ipi? "Mheshimiwa, mtoto ameshazoea. Kumhamisha ni kumvuruga."

Na hoja hiyo ipo kisheria! Kile kifungu kizuri cha kutomhamishahamisha mtoto, kile cha malezi yasiyokatikakatika, kiligeuka kuwa silaha ya aliyemchukua mtoto kwanza. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye malezi yake halali. Lakini kama shauri linakaa mwaka na nusu, anayekiuka anatumia muda ule ule kujitengenezea ushahidi. Kila ahirisho ni tofali kwenye nyumba yake.

Makamanda, sisi tunaijua hii kitu. Wangapi wetu wamekaa rumande au wameripoti mahakamani mwezi baada ya mwezi wakiambiwa upelelezi haujakamilika? Tunajua kwamba kuahirisha ni hukumu isiyosomwa. Katiba yetu ibara ya 107A inaitaka mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Tunaisoma ibara hiyo tukishikwa sisi. Tuisome pia kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, maana mwaka mmoja na nusu kwake ni zaidi ya theluthi ya maisha yake yote.

Tatizo la pili ni maafisa ustawi wa jamii. Hakimu hawezi kwenda nyumbani kwa baba na kwa mama kuona mtoto analala wapi. Anayekwenda ni afisa ustawi, na ripoti yake ya uchunguzi inabeba uzito mkubwa sana. Sasa nenda halmashauri yako ukaulize: wapo wangapi, wanahudumia kata ngapi, wana usafiri gani? Nimeshuhudia ripoti ya mtoto ikicheleweshwa kwa sababu afisa hana mafuta ya pikipiki. Huku barabarani tunapishana na misafara ya magari ya fahari yenye namba za serikali. Mnataka niseme hii si siasa?

Tatizo la tatu ni utekelezaji. Kuna watu wana amri ya mahakama imekunjwa ndani ya mkoba wa plastiki, baba ameamriwa atoe kiasi fulani kila mwezi, na hajatoa hata mwezi mmoja. Kabla ya 2009 tulikuwa na sheria ya kikoloni ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliyoweka ukomo wa matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Sheria ya Mtoto ikaifuta, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa mama mwenye amri isiyotekelezwa, hata ile mia haipati.

MIAKA INAPITA, BUNGE LIMEKAA

Tuseme ukweli pale pazuri. Mwaka 2017 tulipata Sheria ya Msaada wa Kisheria, ndiyo inayotutambua wasaidizi wa kisheria kama mimi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hapa Temeke kipo Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia mirathi na masuala ya familia, na mtu anaweza kupata huduma kadhaa chini ya paa moja. Sitakataa kizuri kwa sababu kimefanywa wakati wa watawala nisiowapigia kura.

Lakini Sheria ya Ndoa yenyewe mama yake haijaguswa inavyostahili. Mnakumbuka kesi ya Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17, vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na muda uliotolewa wa kurekebisha sheria ulikuwa mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata, na muswada tukawa tunausikia kwenye hotuba.

Hilo linahusianaje na malezi ya mtoto? Linahusiana sana. Sheria ile ile ya 1971 ndiyo inayompa hakimu orodha yenye mila ndani yake, wakati orodha ya Sheria ya Mtoto haina mila. Sheria ya 1971 inasema kila mtoto aangaliwe peke yake na ndugu wanaweza kutenganishwa, ya 2009 inasema ni vizuri ndugu wakae pamoja. Hakimu mmoja anaanzia hapa, mwingine anaanzia pale. Wakili mjanja anachagua inayomfaa. Mtu asiye na wakili hajui hata kwamba kuna sheria mbili. Bunge lingefungua Sheria ya Ndoa kwa ajili ya mabinti, lingeweza kuzioanisha sheria hizi kwa mkupuo huo huo. Halijafungua kwa sababu hakuna anayelisukuma, na hakuna anayelisukuma kwa sababu watoto hawapigi kura.

SASA NARUDI KWETU

Hapa baadhi mtanichukia, lakini chama cha wanaojiita wapigania haki hakiwezi kukwepa.

Kuna kamanda anasimama jukwaani anatoa povu kuhusu wananchi kunyimwa haki, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari na sare. Anachangia nauli ya mkutano mkoa wa pili, matunzo anasema "hali ngumu". Ndugu yangu, hali ngumu tunaijua wote. Mahakama nayo inaijua, ndiyo maana sheria inaangalia kipato chako halisi, haikuambii utoe usichonacho. Lakini kutotoa kabisa na kuzima simu, hilo halina jina lingine. Mtawala anayekula kodi na kuacha zahanati bila dawa anafanya kitu hicho hicho kwa kiwango kikubwa.

Na dada zangu nanyi. Alinijia kamanda mwingine, dereva wa bajaji, amezuiwa kumwona binti yake miezi mingi kwa sababu aliyumba matunzo bajaji ilipokuwa gereji. Matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili tofauti kisheria. Akichelewesha matunzo, mshtaki. Ukimficha mtoto, unayemwadhibu ni mtoto, kwa sababu haki ya kumwona baba ni yake. Wale wawili tuliwakutanisha mbele ya afisa ustawi wakaandikiana: kila Jumamosi saa tatu hadi saa kumi na moja, na hela inatumwa kwa simu tarehe tano ili kila mtu abaki na ujumbe wa uthibitisho. Hawakupatana kama wapenzi na sikuwaomba wapatane. Mtoto anajua Jumamosi ikifika baba anakuja.

TUNATAKA NINI

Napendekeza vijana wa chama tuyabebe haya kama ajenda, kuanzia matawini hadi kwenye ilani.

Kwanza, Sheria ya Ndoa ipelekwe bungeni na ioanishwe na Sheria ya Mtoto, ili hakimu awe na orodha moja ya mambo ya kuangalia na mila zisimpiku mtoto.

Pili, mashauri ya malezi ya mtoto yawekewe ukomo wa muda. Mimi nasema miezi sita. Na pale mtoto anapochukuliwa bila ridhaa wala amri ya mahakama, mahakama itoe amri ya muda ndani ya siku chache, na muda uliopatikana kwa ujanja usihesabiwe kama "ameshazoea".

Tatu, kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii mwenye usafiri. Madiwani wetu wapya na wa zamani, hili lipo kwenye bajeti ya halmashauri, lisemeni.

Nne, matunzo ya mwenye mshahara yakatwe kazini moja kwa moja, na ya aliyejiajiri yapite kwenye simu yakiwa na kumbukumbu ambayo mahakama inaweza kuiona.

Wakati tunadai hayo, wewe mwenye shida leo usikae. Kama hamkufunga ndoa, huhitaji kesi ya talaka: anzia kwa afisa ustawi wa jamii, kisha Mahakama ya Watoto. Kama mlifunga ndoa na unataka talaka, lazima kwanza upite baraza la usuluhishi wa ndoa upate hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na suala la watoto liombwe ndani ya shauri hilo. Tunza kumbukumbu: risiti za ada, kadi ya kliniki, jumbe za hela, tarehe ulizomwona mtoto na ulizozuiwa. Mtoto akichukuliwa, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri wazee wakae mwezi mzima. Na amri ikishatoka, haijafungwa milele. Hali ikibadilika unaweza kurudi kuomba ibadilishwe.

Kikao cha tawi kijacho, wekeni ajenda hii kabla ya mengineyo. Kila tawi liandike barua moja kwa mkurugenzi wa halmashauri likiuliza maswali matatu: tuna maafisa ustawi wangapi, wanahudumia kata ngapi, na mwaka huu mmewatengea shilingi ngapi? Majibu yaleteni, tutayaweka hadharani halmashauri kwa halmashauri. Asiyejibu naye tutamwandika.